Tetere wa Uani Wamekula

Siku hizi hakuna anayepika kabla ndege hawajaonja. Nafaka waliyoikataa ina sumu, nasi huimwaga. Wiki nzima tetere wa uani waliukataa mtama wetu, tukalala na njaa.

Leo asubuhi binti yangu Mwanakheri alikuja mbio: "Mama, wamekula wote!"

Nililia kwa furaha. Nikasonga ugali, tukala mpaka ukoko.

Mdogo wake alikuwa bado analamba mwiko nilipomuuliza Mwanakheri jaribio lake la sayansi limefikia wapi.

"Nimemaliza. Nilitaka kujua kama tetere mwenye njaa kali bado anachagua chakula. Niliwafunika kwa tenga tangu juzi, bila kitu."

"Wakachagua?"

"Hapana, mama. Wamekula hata sabuni."

Nilimpokonya mtoto mwiko. Ulikuwa umeshalambwa ukang'aa.