Kipindi cha Dini, Ijumaa

Kila Ijumaa, kengele ya kipindi cha dini ikilia, shule ile hugawanyika: Waislamu kwa ustadhi, Wakristo kwa katekista. Siku hiyo Eufrasia alikuja bila kuaga nyumbani, ahakikishe kwamba binti yake Tausi, wa darasa la tatu, hajaenda kwa ustadhi kama baba yake alivyotaka.

Kwa katekista hakumwona. Akaenda kwa ustadhi, hasira zimempanda. Huko nako hayupo.

Alimkuta kwenye jiko la shule, amechuchumaa na mpishi, Bi Sijaona, wanachambua maharage kwenye ungo.

"Huyu mwenzangu tangu muhula uanze," mpishi alisema. "Mimi nilidhani mnajua."

"Tausi, si nilikwambia uende kwa katekista?"

"Baba alisema nikienda huko mimi si mwanawe." Mtoto alitoa kijiwe, akakitupa pembeni. "Na wewe ulisema nikienda kwa ustadhi mimi si mwanao. Nikikaa hapa ni wenu wote."

Kweli Eufrasia aliyasema. Aliyasema asubuhi moja akimfunga vifungo vya sare, kama mtu anayekumbusha daftari, kisha akaenda zake sokoni.

Bi Sijaona aliinamia ungo, hakumtazama.

"Njoo mama, twende," Eufrasia alisema, akanyoosha mkono.

Tausi aliutazama ule mkono. Halafu akatazama nyuma ya mama yake, kule getini.

"Baba naye amekuja?" aliuliza, na vidole vyake vikaendelea kupekua maharage.