Ukuta wa Jikoni

Mwashi aliinua nyundo kubwa, na mkewe akaja kuegemeza mgongo ukutani.

"Ondoka hapo, mama watoto. Vipande vitakuumiza."

"Siondoki. Ukuta hauvunjwi."

Mwashi aliduwaa. Ukuta huo, uliotenga jikoni na sebule, waliugombania tangu wahamie. Mke aliutaka uanguke. Mwashi alikataa, akidai unabeba dari, jambo ambalo halikuwa kweli. Jana mke alisema kwamba ukibaki, yeye anahamia kwa dada yake. Ndiyo maana leo mwashi aliazima nyundo hiyo kubwa.

"Jikoni kuna giza," alisema mwashi. "Mtu anapika kama yuko kifungoni."

"Moshi utajaa sebuleni. Halafu ukuta unabeba dari."

"Haubebi kitu. Nani kakudanganya?"

"Wewe."

Hapo mwashi akajisikiliza. Maneno aliyokuwa akiyatoa kwa jazba yalikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa akimrudishia ya kwake, pamoja na kikohozi kidogo alichozoea mwashi kukitoa kabla ya kutaja dari. Hakujua walibadilishana lini, wala ni upande upi ungemfanya mke asiondoke.

Alitazama viganja vya mkewe. Vilikuwa na unga, vimebandikwa ukutani, vidole vimetanuka.

Akashusha nyundo. "Basi, tuuache."

"Kawaida yako hiyo. Unaanza, unaacha."

Akaiinua tena.

"Haya, piga," alisema mke, na mgongo wake haukubanduka ukutani.