Moto Usio na Chungu

Mtaa mzima ulikuwa msibani. Bi Raziki alibaki peke yake kulinda dhahabu ya arusi ya bintiye. Aliifukia katikati ya mafiga, akakoka moto juu yake ili mtu asithubutu kuchimba.

"Hodi, mama!" Mwinchande, mpangaji wa nyumba ya pili, aliingia hadi uani kabla hajakaribishwa. "Mbona hukwenda msibani?"

"Miguu inanivimba, mwanangu. Na wewe?"

"Kiu imenirudisha."

Akachota maji mtungini, akanywa taratibu, macho yakitembea chumba kwa chumba mpaka jikoni. Akatabasamu.

"Mama, unapika nini, na chungu hujateleka?"

Mwinchande akachota kata ya pili, akaimwaga juu ya moto.