Hendeli ya Bi Mwatum

Asubuhi baada ya kurudi kutoka matangani, Bi Mwatum alitoa hendeli, chuma cha kuzungushia injini, chini ya kiti ili aiwashe Landrova yake, kama kila asubuhi. Hendeli ikagonga rejeta mpya, haikuingia.

"Mama, nimekuwekea injini ya dizeli ya kisasa," alisema mwanawe, Shauri. "Unazungusha ufunguo tu."

"Nilikuambia ubadilishe oili."

"Ile imechoka."

"Imechoka? Umewahi kuisukuma wewe, hata siku moja?"

Injini ya zamani ilikuwa kando ya banda la kuku, ikisubiri mkokoteni wa vyuma chakavu. Bi Mwatum alipiga magoti mchangani, akaichomeka hendeli, akazungusha kwa hasira. Injini ikashusha pumzi.

Mwenye mkokoteni alipobisha hodi, Bi Mwatum hakuinua kichwa. Alizungusha tena.