Glavu Zile Zile

Mzee Shekue alizoea kusafishwa damu kwenye kiti cha dirishani, jirani na Bi Siwema. Leo nesi alimpeleka chumba cha pili, kwenye mashine iliyotengwa, yenye utepe mwekundu.

"Kipimo kimeonyesha una virusi vya homa ya ini, mzee wangu."

"Nimevitoa wapi, mwanangu? Nilipoanza si mlinipima mkasema sina?"

Nesi alivaa glavu mpya. Mzee akakumbuka mikono hiyo ikitoka kwa wagonjwa wengine kuja kwake, kisha kwa Bi Siwema, na glavu zile zile, huku yeye na Bi Siwema wakimhimiza nesi afanye haraka.

Kupitia kioo, Bi Siwema alimpungia, akiuliza kwa ishara mbona amehamishwa. Mzee aliinua mkono amjibu. Ukabaki hewani.