Kisanduku cha Kakakuona

Zamani, wanyama walipokuwa bado hawajaandikwa, Korongo alijitwika kazi ya kuwapa majina na kuwapanga kwa koo. Kakakuona akamwendea mbio, maana alisikia kwamba Muhanga, mla mchwa mwenzake, amekwisha kuandikwa.

"Nami niandike, bwana mkubwa."

"Mla mchwa, ulimi mrefu, meno hana," alisema Korongo, akavuta kisanduku kitupu. "Ingia humu."

Kakakuona alichungulia kisanduku cha jirani. Muhanga alikuwa amelala ndani, amejazwa pamba, macho pia ya pamba, kibandiko mguuni.

"Mbona hapumui?"

"Jina lazima liwe na mwili wa kulishuhudia. Anayepumua hubadilika, na anayebadilika haandikiki."

Magamba yalimsimama Kakakuona. Akajikunja kama mpira. Korongo alimdonoa hadi mdomo ukamuuma, kisha akasikia sauti kutoka ndani: "Na wewe, bwana, ni wa ukoo gani?"

Korongo akapekua daftari lake mara tatu. Hakuwamo.

Kakakuona alikaa amejikunja mchana kutwa. Alipojikunjua, kile kisanduku hakikuwa kitupu tena. Korongo alikuwa amelala ndani, macho ya pamba, na kibandiko mguuni kilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, wino haujakauka.