Mkono wa Dola Mia na Ishirini

Kitambaa walichomfunga Delmar Stuckey machoni kilikuwa cha kufutia vyombo, na bado kilinuka maharage ya pilipili. Hoyt Pruitt alilikaza fundo mwenyewe. Mtu aliyekuwa mwenyekiti wa Klabu ya Walengaji ya Turner Hollow kwa miaka kumi na tisa haachii kazi nyeti kama hiyo kwa yeyote tu.

"Unaona kitu?"

"Naona giza, Hoyt. Kama kwenye mikutano yako."

Wanachama wakacheka. Hoyt hakucheka, alikuwa akitunza kicheko chake kwa baadaye.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kiasi cha kusimamisha chakula cha Jumamosi. Bunduki za aina yao zina mkono wa kukokia, kipande cha chuma ambacho mtu hukivuta nyuma ili risasi ya kwanza iingie, kisha hukisahau. Huja na bunduki, bila kuongeza hata senti. Delmar alikuwa ameung'oa wake na kununua mwingine kwa dola mia na ishirini. Ukiutazama, ulifanana na wa kiwandani kama pacha. Uzuri wake, alisema, ulikuwa kwenye ulaini. Na sasa alitaka klabu izinunulie bunduki zote nane za klabu mikono ya namna hiyo.

"Kwa hiyo umelipa dola mia na ishirini," Hoyt alimuuliza mkutanoni wiki iliyotangulia, "ili usione tofauti?"

"Haionwi, mzee. Mkono ndio unaojua. Hata ukinifunga macho nitakwambia."

Hoyt aliyadaka maneno hayo kabla hayajafika chini. Masharti yakaandikwa: Delmar avute mara kumi, kila mara aseme ni mkono upi. Akipatia mara nane, klabu inanunua na Hoyt anaachia kiti. Asipopatia, habari za mikono ya kukokia zisitajwe tena ukumbini. Hoyt alikuwa mstaafu, na kiti kile ndicho kitu pekee kilichobaki cha kumtoa kitandani asubuhi. Hata hivyo alilala vizuri wiki nzima. Angemwogopaje mtu anayenunua ulaini?

Bunduki mbili zililazwa mezani, tupu, zimekaguliwa mara mbili: ya Delmar, na ya Hoyt mwenyewe, ambayo hakuwahi kuibadilisha hata skrubu.

"Na mnisikilize," aliwatangazia. "Mwaka jana mkono wa bunduki yangu hii ulikuwa unakwaruza kama geti bovu. Leo je? Umelainika wenyewe! Chuma kinataka uvumilivu, jamani, hakitaki kadi ya benki."

Wa kumsogezea Delmar bunduki alikuwa Verlene, mke wa Hoyt. Pande zote zilimkubali kwa sababu, kama Hoyt alivyoeleza mbele yake bila kushusha sauti, hakujua bunduki inaanzia wapi na inaishia wapi. Alipewa karatasi ya mpangilio: mara tano ya huyu, mara tano ya yule, zimechanganywa.

Delmar akavuta mara ya kwanza. Ilikuwa bunduki ya Hoyt.

"Ghali," akasema.

Watu wakabana pua wasicheke. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

"Ghali."

Ya tatu, ghali. Ya nne, ghali. Ya tano, ghali.

"Rafiki yangu," Hoyt akamwambia kwa upole wa mchungaji kwenye mazishi, "kuna neno jingine, linaitwa rahisi. Ni ruksa kulitumia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jasho lilimtoka Delmar chini ya kitambaa. Ya sita aliivuta mara mbili, polepole, kichwa amekiinamisha upande.

"Samahanini," akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kuvunja dirisha la jirani. "Hii nayo ni ghali."

"Hoyt," Verlene akasema taratibu, "lazima tufike kumi?"

"Kumi, mama! Sheria ni sheria. Usimwonee huruma."

Wakafika kumi. Zote ghali. Hoyt akamfungua Delmar kitambaa, akakikunja vizuri, ndipo akakitoa kile kicheko alichokuwa amekitunza.

"Tano kati ya kumi! Hata sarafu ukiirusha ingepata tano, na sarafu haikutoi dola mia na ishirini."

Delmar alizitazama bunduki zote mbili kwa muda mrefu. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mkono wangu ulikuwa na hakika," akasema.

"Basi uambie mkono wako ukakae na mwenzake wa ghali, wafarijiane."

Delmar akaondoka bila kugusa pai ya tufaha, jambo ambalo halijawahi kuonekana Turner Hollow.

Wakirudi nyumbani, Hoyt aliendesha pikapu kwa mkono mmoja, mwingine ukihutubia.

"Mtu mzima kabisa, hawezi kutofautisha siagi na mchanga! Wewe ulikuwa karibu naye, Verlene, niambie ukweli. Kuna hata mara moja aliyopatia kwa kujua, siyo kwa bahati?"

Verlene alikuwa amepakata sufuria tupu.

"Zote kumi," akasema. "Ule wa bunduki yako niliubadilisha kwa wa ghali Krismasi, ulipokuwa unalalamikia vidole."